Tundu Kubwa, Ukingo Mzima

Kwa miaka mitatu nilishona kwa jicho moja, na hakuna aliyenituma. Daktari alisema tu kwamba jicho la kulia lina ugonjwa. Habari ya kulifumba niliizua mwenyewe. Niliona kama ni bovu basi lipumzike, na la kushoto, lile zima, lifanye kazi. Kila nikikaa kwenye kiti changu nyuma ya cherehani za wenzangu, nalifumba la kulia, nalikaza la kushoto, nashika sindano. Wenzangu walizoea. Mkata nguo, ambaye ndiye mwenye duka, alikuwa akiwaambia wateja wapya, "Msishtuke, bibi hamkonyezi mtu. Anafunga tundu."

Kazi yangu ni matundu ya vifungo. Mashine ya kuyapiga ipo, lakini koti la heshima hupigwa matundu kwa mkono. Unachana kitambaa kwa ncha ya mkasi, kisha unauzungusha ukingo kwa uzi, mshono ubavuni mwa mshono, mpaka ukingo wote unakuwa mgumu kama kamba ndogo. Nilifundishwa na mama yangu nilipoacha shule darasa la nne, na neno la kwanza aliloniambia lilikuwa hili: usitazame tundu, tazama ukingo. Tundu kubwa ni la kifungo kikubwa, basi, halina kosa. Lakini ukingo ukiachia mahali pamoja tu, hata tundu liwe dogo kama punje ya mtama, kifungo kitachomoka na mwenye koti atakurudia na maneno.

Mama huyo huyo alimaliza miaka yake tisa ya mwisho akipapasa kuta. Hakuumwa jicho hata siku moja. Lilizima pembeni, likazima tena kidogo, na alipokuja kusema, kilichobaki kilikuwa kama kutazama ndani ya mrija. Kwa hiyo daktari aliponiambia, "Mama, jicho la kulia tundu la mshipa limepanuka, hii ni presha ya macho," nilijua nimerithi. Nikaanza kutia dawa ya matone kila jioni, tone moja, jicho la kulia. Na moyoni nilishafanya mgawanyo wangu: la kulia nimeliachia Mungu, la kushoto nimebaki nalo. Likienda hilo, nimekwisha.

Siku ninayotaka kuisimulia nilikwenda kliniki na mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa, mwanamke wa maneno mengi na roho safi. Daktari alikuwa amesema mashine mpya ya picha imefika, inayopiga mpaka ndani kule nyuma ya jicho, na kila mgonjwa wake wa zamani apigwe.

Tulikuta foleni imefika mlango wa nje. Mzee mmoja aliyewahi kuendesha malori alikuwa amejipa kazi ya kuwaeleza wageni.

"Ni taa za barabarani tu," alisema. "Unapigwa picha, karatasi inatoka na rangi. Kijani, nenda nyumbani. Njano, punguza mwendo. Nyekundu, paki pembeni usubiri daktari."

"Sasa mbona foleni haisogei?" mkwe wangu akauliza.

"Kwa sababu humo ndani yumo Kobe."

Watu wakacheka. Kobe lilikuwa jina walilompa binti wa kupiga picha za macho. Walisema aliyekuwa zamu ya jana anamaliza mtu kwa dakika tano, lakini huyu akikuingiza, unaweza kulala, ukaota, ukaamka, yeye bado anatazama kompyuta.

"Basi mama mkwe," mkwe wangu akaninong'oneza, "tungebeba na mto."

Nami nikacheka. Ndiyo, nilicheka pamoja nao.

Zamu yetu ilipofika, tuliingia chumba kidogo kilichozibwa dirisha kwa pazia zito. Mashine ilikuwa juu ya meza, nyeupe, yenye mahali pa kuweka kidevu, na binti alikuwa akipafuta kwa pamba yenye spiriti. Alifuta kidevuni, akafuta penye paji la uso, akatupa pamba, akachukua nyingine akarudia. Nikasema moyoni, Kobe kweli. Kisha jicho langu likaenda lilikozoea kwenda: kwenye koti lake jeupe. Tundu la pili kutoka juu lilikuwa limechanika, na alikuwa amelibana kwa pini.

"Shikamoo, bibi. Karibu. Umri wako?"

"Marahaba. Kwa cheti sitini na nane. Kwa magoti, ongeza kumi."

Akatabasamu. "Mashine haiulizi magoti. Weka kidevu hapa. Utaona nyota ya kijani, itazame hiyo hiyo, usihame."

Akapiga la kulia. Akapiga la kushoto. Hakuna kilichonigusa, hakuna kilichouma, mwanga tu ulipita kama mtu anayevuta pazia. Mashine ikatema karatasi na mkwe wangu akaidaka kabla haijatua. Upande wa jicho la kulia, penye ukubwa wa tundu, palikuwa na nyekundu. Upande wa kushoto, kijani, kijani, kijani tupu.

"Alhamdulillahi!" mkwe wangu akasema. "La kulia tulishalijua. La kushoto ni shamba la mpunga. Mama, inuka twende."

Nikainuka.

"Bado," binti akasema. "Naomba bibi akae. La kushoto nataka kulirudia."

"Jicho zima hilo, mwanangu," nikamwambia. "Usilichokoze."

"Sitalichokoza. Kaa, bibi yangu."

Akarudia, tena akarudia. Kisha akavuta kiti chake, kiti chenye gurudumu linalolia, akakaa mbele ya kompyuta na kutulia. Alikuwa akizungusha kidole kwenye kipanya, na kila akizungusha, picha inasogea kidogo, tabaka baada ya tabaka, kama mtu anayefunua jora la kitambaa kutafuta kasoro. Huko nje mtu akagonga mlango. "Jamani, tupo!" Hakugeuka. Nilikaa namtazama mgongo, na kwa mara ya kwanza nikaona kitu ninachokijua. Hivyo ndivyo mama yangu alivyokaa na koti la mteja. Hakuwa mvivu huyu. Alikuwa anakagua.

Mwishowe akauliza, bila kugeuka, "Bibi, wewe kazi yako nini?"

"Matundu ya vifungo."

Hapo akageuka. "Ya kushona kwa mkono?"

"Kwa mkono. Na hilo la koti lako linanitia aibu tangu nilipoingia."

Akaishika ile pini, akacheka. Kisha akasema, "Basi njoo utazame. Wewe utanielewa kuliko watu wengi."

Nikavaa miwani yangu, nikasogea. Mkwe wangu akasogea nyuma yangu na mkoba wake.

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na duara mbili za rangi ya chungwa bivu, moja kubwa moja ndogo, na katikati ya kila moja doa la weupe. Mishipa ya damu ilitoka humo ikitawanyika kama nyuzi zilizofumuka.

"Hiki ni kichwa cha mshipa wa jicho," akasema. "Nyuzi zote za kuonea zinakusanyika hapa, zaidi ya milioni moja, zinainama, zinatoka kwenda kwenye ubongo. Huu wa chungwa ni ukingo, ndio nyuzi zenyewe. Huo weupe ni tundu, mahali pasipo na nyuzi. Hili kubwa ni la jicho lako la kulia."

"Lile bovu."

"Lile uliloambiwa bovu. Litazame kama koti la mteja."

Nikalitazama. Tundu lilikuwa kubwa kweli, hakuna ubishi. Lakini mkono wangu una mazoea yake ya kukagua ukingo wa tundu kwa ukucha. Nikauinua ukucha wa kidole gumba, nikauzungusha mbele ya kioo bila kukigusa, kuufuata ukingo. Juu mnene. Pembeni mzima. Chini mnene kuliko kote. Nikazunguka mpaka nilikoanzia, sikukwama popote.

"Ukingo mzima," nikasema.

"Mzima. Umezaliwa na mlango mpana upande huu, bibi. Nyuzi ni zilezile, lakini zimepita kwenye mlango mkubwa, kwa hiyo katikati pamebaki nafasi. Mashine inalinganisha tundu lako na matundu ya watu iliyowekewa ndani. Inaona kubwa, inapiga nyekundu. Haijui kwamba mlango wenyewe ndio mkubwa."

Mkwe wangu akapiga kigelegele kifupi, akajiziba mdomo. "Kwa hiyo mama mkwe hana kitu!"

Binti aliisogeza ile duara ndogo katikati ya kioo, akaikuza. "Na hili la kushoto?"

Tundu lilikuwa dogo. Dogo zuri, la kupendeza, la kifungo cha shati la mtoto. Nikauzungusha ukucha. Juu sawa. Pembeni sawa. Nikashuka, na kule chini, upande wa kuelekea sikioni, ukucha ukakwama.

Nikarudi nyuma, nikazungusha tena, polepole. Ukakwama palepale. Ukingo ulikuwa umeliwa, kijinafasi kidogo kama cha ncha ya mkasi, na weupe umepenya mpaka karibu na nje. Na pembeni yake palikuwa na kistari chekundu, chembamba kuliko uzi wa hariri.

"Hapa pameachia," nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Ndiyo, bibi."

"Na huo uzi mwekundu?"

"Damu. Kidogo sana. Aghalabu huonekana pale ukingo unapokuwa unachanika."

"Wewe binti!" Mkwe wangu alikuwa ameishika ile karatasi mbele ya uso wake. "Karatasi imesema kijani! Mashine ya mamilioni imesema kijani, wewe na kiti chako kinacholia unasema nyekundu?"

"Dada, karatasi ni muhtasari. Mashine imepima duara nzima ikatoa wastani. Bibi ana nyuzi nene juu na pembeni, zimefidia upungufu wa chini."

Nilielewa kabla mkwe wangu hajaelewa. "Ni sawa na kusema koti ni zima," nikamwambia, "kwa sababu matundu manne kati ya matano hayana kasoro."

Binti akanitazama kama mwalimu aliyejibiwa kabla hajamaliza swali. Akaleta mchoro wa unene wa nyuzi, mistari miwili inayopanda na kushuka kama vilima, mmoja wa kila jicho, akailaza mmoja juu ya mwingine. Kilima cha chini cha jicho la kushoto kilikuwa na shimo ambalo mwenzake hana. Shimo lilikuwa bado ndani ya rangi ya kijani, limesimama juu ya mpaka kabisa.

"Mashine imekulinganisha na watu wengine," akasema. "Mimi nimekulinganisha na wewe mwenyewe."

Nilikaa chini. Miaka mitatu nimelinda la kulia kwa dawa, na la kushoto nimelibebesha mzigo wote. Jicho langu la kazi. Nilimwona mama yangu, mkono ukutani, akitafuta mlango wa jikoni.

"Unapotunga uzi, kuna kitu kinakupotea?" binti akaniuliza taratibu.

Nilitaka kusema hapana. Kisha nikakumbuka, nikamweleza, hata habari ya kulifumba la kulia, naye akaiandika kwenye faili. Tangu mwaka uliopita, nikishika sindano, ncha ya uzi ilikuwa ikitoweka kidogo juu ya sindano, halafu inarudi. Nilikuwa nimemlaumu muuza uzi. Nilimrudishia roli mbili, nikamwambia uzi wake una mapepo, na maskini alizipokea.

"Kinapotea juu?" binti akauliza. "Jicho hugeuza mambo. Nyuzi za chini zikiachia, kinachopotea ni cha juu. Na kwa sababu unalifumba la kulia, hakuna wa kukuzibia pengo. Ungekuwa unatazama kwa yote mawili usingegundua chochote." Akainuka kwenye kiti chake. "Ila tusiseme sana kabla ya kupima."

Akanipeleka chumba cha pili, akaniketisha mbele ya bakuli kubwa jeupe, akanipa kitufe. Ukiona kinuru, bonyeza. Vinuru vilikuja huku na huku, vingine hafifu kama kimulimuli wa mbali. Nilibonyeza kwa bidii ya mtoto wa darasa la kwanza. Matokeo yalipotoka, jicho la kulia lilikuwa safi. La kushoto lilikuwa na viraka vinne vya weusi, juu, vimesogeleana. Palepale ambapo pengo la chini kwenye picha lilisema vitakuwa.

Sasa ilibaki kumwambia daktari, na hapo nilimwonea huruma yule binti. Daktari wetu ni mtu mzima, nyusi zake nyeupe, ametibu macho tangu binti huyu hajazaliwa. Na ni yeye aliyesema la kulia. Kumwendea mtu kama huyo ukamwambia jicho alilolitibu silo, si jambo jepesi. Mkwe wangu alinong'ona, "Leo Kobe ataingiza kichwa ndani ya gamba."

Hakukiingiza. Alibeba karatasi zake, akagonga, akasubiri aitwe, akasema, "Mzee, shikamoo. Naomba utazame picha za bibi pamoja nami kabla hujasoma rangi."

"Rangi zina nini?"

"Naomba utazame kwanza."

Daktari akavuta kiti. Binti akasimama pembeni, akaanza na la kulia, hakusema kwamba kuna kosa. Alitaja upana wa mlango, akataja unene wa ukingo, akasogea. Alipofika la kushoto akanyamaza kabisa, akamwachia kipanya. Daktari alisogeza picha mbele, akairudisha nyuma, akaisogeza tena. Akavua miwani, akaifuta kwa tai yake, akaivaa.

"Hii damu umeiona wapi?"

"Kwenye picha ya rangi. Baada ya kuona shimo kwenye mchoro nilirudi kuitafuta."

"Na uwanja wa kuona?"

Akamwekea karatasi ya viraka. Daktari akailaza kando ya picha, akatazama hii, akatazama ile. Kisha akanigeukia mimi, si yeye.

"Mama, miaka mitatu nimelinda mlango usio na mwizi. Nilitazama kwa taa yangu, nikaona tundu kubwa huku na dogo kule, nikachagua kubwa. Hili dogo lilinidanganya kwa udogo wake. Nisamehe."

Nilisema, "Mwizi amechukua kiasi gani?"

"Kidogo. Amefungua dirisha moja. Alichochukua hakirudi, nisikufiche. Lakini nyumba bado imejaa." Akaandika dawa: tone moja kila jioni, jicho la kushoto. La kulia liachwe, lichunguzwe tu. Akauliza kwa nini kwenye faili pameandikwa nashona kwa jicho moja.

"Nalipumzisha la kulia," nikasema.

"Nani aliyekuagiza?"

"Mwenyewe."

Akacheka mpaka nyusi zikapanda. "Mama, macho si ng'ombe wa kulima kwa zamu. Yafumbue yote mawili." Kisha akamgeukia binti. "Wewe, kesho asubuhi kabla ya wagonjwa, njoo unionyeshe unavyoilaza ile michoro miwili. Mimi nimekuwa nikisoma karatasi tu."

"Sawa, mzee," binti akasema, na akarudi kwenye foleni yake, ambako dereva wa malori alikuwa akiuliza kama kuna mtu humo ndani bado yu hai.

Kulifumbua jicho kulinishinda kwa wiki nzima. Mkata nguo alikuwa akinipigia kelele, "Bibi, la kulia!" na mimi nalifumbua. Muuza uzi nilimtafuta nikamwomba radhi, nikachukua tena roli zake mbili. Uzi ulikuwa hauna kosa. Matone sikuyakosa hata jioni moja, mkwe wangu alinisimamia kama askari wa zamu.

Baada ya miezi sita nilirudi kupigwa picha. Njiani kote sikuzungumza, na mkwe wangu, kwa mapenzi yake, naye akanyamaza. Foleni ilikuwa ndefu kama kawaida. Kijana mmoja mwenye haraka akalalamika kuhusu Kobe, nikamwambia, "Mjukuu wangu, Kobe huwacheka wanaokimbia, maana hukutana nao wakirudi kufuata walichosahau. Kaa."

Binti alifuta kidevu cha mashine, akarudia kufuta. Akapiga la kulia, akapiga la kushoto mara tatu. Safari hii hakuniambia nikae, maana sikuinuka. Aliita picha ya zamani, akailaza mpya juu yake, akaanza kuzungusha kipanya. Nilihesabu pumzi zangu. Niliona pini ileile kwenye koti lake lilelile, na nikaona afadhali nifanye jambo kuliko kukaa bure.

"Vua hilo koti, nipe," nikamwambia.

Alilivua macho yake yakiwa kwenye kioo. Nikatoa mkebe wangu wa sindano, nikasogea kwenye taa ya mezani, nikatunga uzi, macho mawili wazi. Nikakata nyuzi zilizochakaa, nikaanza kuuzungusha ukingo upya, mshono ubavuni mwa mshono. Yeye alikagua la kwangu, mimi nikashona la kwake, na mkwe wangu akaketi kati yetu akitafuna ncha ya mtandio.

Nilikuwa nimebakiza mishono mitatu aliposema, "Bibi. Njoo uzungushe ukucha."

Nikaenda. Nikazungusha. Ulikwama palepale, mahali palepale, wala si zaidi. Damu haikuwepo tena. Kule juu na pembeni, mnene kama zamani.

"Ukingo umeshika?" nikauliza.

"Umeshika."

Mkwe wangu alipiga kigelegele, safari hii hakujiziba mdomo, na foleni nzima huko nje ikanyamaza. Nilirudi kumaliza mishono yangu mitatu, nikafunga fundo, nikampa koti lake. Alilipeleka kwenye taa. Hakulivaa. Aliuinua ukucha wa kidole gumba, akauzungusha ukingoni mwa tundu taratibu, kutoka juu kushuka chini mpaka kurudi juu, huku watu wakigonga mlango.